Mjadala: Pakanga ichanganywe na maharage, au ipandwe peke yake?

Ndugu wakulima wa Mbeya, Njombe na Iringa, naomba tulizungumze hili kabla mvua za Novemba hazijatukuta. Huku Umalila tumegawanyika. Wapo wanaosema pakanga, ile Artemisia annua inayotoa dawa ya malaria, ipandwe peke yake kwa sababu mnunuzi hataki kuona zao jingine shambani. Wengine wanasema tuingize maharage katikati ya mistari, maana mikunde ni mbolea ya bure. Mimi nipo upande wa kuchanganya, ila hilo neno "bure" ndilo linalotuponza.

Maharage hayaipi pakanga mbolea papo kwa papo. Bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi huchukua naitrojeni ya hewani na kuyalisha kwanza maharage yenyewe. Jirani hufaidi zaidi mizizi na majani yakishaoza. Sasa sisi tunavunaje? Tunang'oa shina na mizizi yake, tunabeba hadi uani, tunapura, maganda wanakula ng'ombe. Mbolea imeondoka shambani ikiwa juu ya kichwa cha mama, halafu tunasema maharage hayana faida!

Msimu uliopita nilikata kwa mundu, mizizi nikaiacha humo humo, maganda nikayarudisha kati ya mistari. Kabla ya hapo, maharage yalipotoa maua, nilichimbua mashina machache na kupasua vinundu kwa ukucha. Upande wa juu, nilikoweka Minjingu, ile mbolea yenye fosforasi, ndani vilikuwa vyekundu kama nyama. Vile vinafanya kazi. Bondeni, ambako mbolea ilikuwa imeniishia, vilikuwa vichache na vyeupe. Maharage yakikosa fosforasi hayatengenezi vinundu vya maana, kwa hiyo hata hiyo "bure" ina gharama yake.

Wanaopinga wana hoja moja nzito: sumu. Vidukari wakiingia kwenye maharage tunakimbilia bomba, na ile dawa inatua pia kwenye majani ya pakanga. Jani ndilo tunalouza, nalo hukaushwa kivulini bila kuoshwa. Kikundi chetu kiliwahi kurudishiwa magunia na mnunuzi kwa sababu hiyo hiyo. Iliuma, lakini tulistahili, maana jani lile lilikuwa linakwenda kuwa dawa ya mgonjwa. Asiyeweza kulima maharage bila kupiga sumu, asichanganye kabisa.

Hoja ya kunyang'anyana mwanga hainitishi. Miche ya pakanga ikitoka kitaluni ni dhaifu, kwa hiyo panda maharage mafupi, si ya kutambaa, na yasiisogelee. Baada ya kama miezi mitatu yameshaondoka, nayo pakanga ndiyo inapanda juu hadi kukaribia kimo cha mtu. Ivunwe kabla haijatoa maua.

Tena kuna suala la chungu cha jikoni. Mwezi wa tatu ghala linakuwa limekauka, na pakanga hailiwi. Anayetuambia tupande zao la dawa peke yake atuambie pia watoto watakula nini mwezi huo.

Wa Kilolo na Makete mnaolima njegere, mnakata au mnang'oa? Na kuna aliyefanikiwa kuwazuia vidukari msimu mzima bila sumu? Tafadhali aeleze alichofanya, hatua kwa hatua.