Kompyuta ndogo ya chini ya TV: kadi ya grafiki lazima?

Wakuu, naunda kaboksi ka sebuleni: programu ya Kodi ya kuangalia filamu, gemu za watoto, na emuleta (programu ya kuchezea gemu za PS2 kwenye kompyuta) yangu mimi baba yao. Nina prosesa ya Ryzen 5 5600G na kijiti kimoja cha RAM, GB 16. Ninunue kadi?

— Kadi ya nini, mkuu? 5600G ina grafiki ya Vega ndani, inakula RAM ya mashine. Kwa hiyo RAM iende kasi: weka vijiti viwili vya GB 8, washa XMP (mpangilio wa kasi ya RAM) kwenye BIOS, ile menyu ya kabla mashine haijawaka, ndipo ujaribu PCSX2, emuleta ya PS2.

— Pima boksi kwanza. Feni ya Wraith Stealth, ile inayokuja na prosesa hiyo, ina kimo cha milimita 54, kwenye vile vyembamba haiingii. Batocera, mfumo wa gemu na emuleta, iweke kwenye flashi, Windows usiiguse.

— Boksi langu lina nafasi ya 47 tu! Nani ana feni fupi, Tanga hapa?