Protini ya kutuliza inflamesheni inaweza kutibu makovu ya mapafu?

chura_mpole:
Wakuu habari zenu. Mzee wangu ameambiwa mapafu yana faibrosisi, yaani makovu, ile isiyojulikana chanzo, na toka siku hiyo mimi silali nasoma tu. Nimekutana na protini inaitwa pentraksini-2, wanasema mwili wenyewe unaitengeneza, inatuliza inflamesheni, yaani ule uvimbe wa mwili kujikinga, na wenye ugonjwa huu wanakuwa nayo kidogo kwenye damu. Sasa kama ni upungufu si wamwongezee tu yaishe? Mbona daktari hajaitaja kabisa?

msomi_wa_usiku:
Pole sana kwa mzee. Hujawaza vibaya, hata watafiti walianzia hapo hapo. Hiyo protini inatoka kwenye ini na kazi yake mojawapo ni kuzuia monosaiti, yaani aina ya seli nyeupe za damu, zisigeuke kuwa faibrosaiti zinazochangia kovu. Wakaitengeneza maabara wakaiita PRM-151, inaingia kwa dripu, mara tatu wiki ya kwanza halafu kila wiki 4. Majibu ya awamu ya pili ya majaribio kwa watu yalitoka 2018, wagonjwa 117 kwa wiki 28, wa dawa kipimo cha pumzi kilishuka pointi 2.5 na wa plasebo, yaani dawa bandia ya kulinganishia, 4.8, tena kwenye kipimo cha umbali wa kutembea dakika 6 wa dawa karibu hawakupoteza kitu, wenzao wakapoteza mita 30 na ushee. Roche, wale wakubwa wa dawa, wakainunua nzima kampuni iliyokuwa nayo.

kaka_wa_zamu:
Malizia basi mkuu usimwache hewani 😅 Awamu ya tatu, watu zaidi ya 600, ikasimamishwa kabla ya muda maana ilionekana hakuna tofauti yoyote. Kurudi kuichambua ile ya 2018 wanakuta kuna wagonjwa wachache wa plasebo waliporomoka kupita kiasi wakavuta wastani chini, ndo dawa ikaonekana shujaa.

Na hili la kudhani ukituliza inflamesheni kovu nalo linapona limetugharimu sana. Zamani wagonjwa hawa walipewa prednisoni na azathioprini, dawa za kutuliza kinga ya mwili, zilipokuja kupimwa vizuri pamoja na dawa ya tatu, asetilisisteini, 2012 majibu yakaonyesha wanaopewa wanakufa na kulazwa zaidi ya wa plasebo!! Kovu likishaanza linajiendesha lenyewe, TGF-beta, protini ya kupeleka ishara, inaamsha miofibroblasti, yaani seli zinazojenga kovu, zinamwaga kolajeni, zile nyuzi za kovu, tishu inakakamaa, na kule kukakamaa kunaziamsha tena. Unapokonya kiberiti wakati paa lishashika moto.

chura_mpole:
Duh. Kwa hiyo ndo basi? Maana nimesoma pia ini lenye makovu linaweza kurudi

msomi_wa_usiku:
Ini ndiyo, mtu akitibiwa hepataitisi C ikaisha makovu yanaweza kupungua, ila pale umeondoa kinacholiumiza. Kwa mzee chanzo hakijulikani, huna cha kuondoa.

kaka_wa_zamu:
Sio basi. Muulize daktari kuhusu dawa mbili, pirfenidoni na nintedanibu, zote zilipitishwa Marekani 2014. Hazifuti kovu, zinapunguza kasi. Nintedanibu inaharishaga sana, pirfenidoni inachafua tumbo na ngozi inaungua na jua upesi. Mzee ni mtu wa kushinda nje?

chura_mpole:
Kutwa nzima yuko juani huyo, kofia hataki hata kuisikia. Ngoja nikaulize hiyo nyingine kwanza, asanteni