Mrejesho: ruzuku ya intaneti kwa shule ya wanangu

Niliwauliza kama shule ya umma yenye watoto wengi wa familia maskini, hapa Marekani, inaweza kusaidiwa bili ya intaneti. Inaweza! Ahsanteni sana mlionielekeza kwenye E-Rate. Mpango huo, uliotokana na sheria ya mawasiliano ya 1996, hupunguza gharama kwa asilimia 20 hadi 90, kutegemea hasa wingi wa wanafunzi wanaostahili ruzuku ya chakula cha mchana. Shule imeshatangaza mahitaji yake. Sharti isubiri siku 28 kabla ya kuchagua kampuni.

Kinachoniuma ni kwamba kompyuta za wanafunzi hazimo. Mtandao utafika darasani, lakini asiye na kifaa atautumiaje? Hilo nalipeleka bodi ya elimu.