Naomba ushauri: Jensen-Healey ya 1974, niichukue au niachane nayo?

Wakuu, habari za jioni. Naishi Birmingham, na mzee mmoja jirani yangu anauza Jensen-Healey ya 1974 iliyolala gerejini miaka mingi. Kiwanda chake kilikuwa West Bromwich, pua na mdomo na hapa, ila vijana ninaofanya nao kazi hawajawahi hata kulisikia jina hilo.

Kwa wasioijua: ni gari la spoti la wazi, viti viwili, lililotoka 1972 kuziba pengo la gari la zamani, Austin-Healey 3000. Injini Jensen walichukua kwa Lotus, kampuni nyingine ya magari ya spoti, lita 2, valvu 16, ikiwa bado changa kabisa. Za mwanzo zilisumbua sana, kuvuja oili hasa. Ukijumlisha na kutu, sifa ikaharibika mapema, na 1976 kampuni ikafunga baada ya kutoa magari ya aina hii kama 10,000 tu. Umbo lake mimi naliona la kawaida mno, lakini hiyo injini, jamani!

Kinachonitia wasiwasi ni sakafu na kingo za chini ya milango. Nimegusa kwa bisibisi, sehemu moja ikazama kama kwenye mkate.

Aliyewahi kufufua gari la namna hii anisaidie. Nianze na bodi au injini? Mkanda wa taiming (ule unaoendesha valvu kwa wakati wake) nibadilishe kabla hata ya kujaribu kuiwasha? Na mzee nimpe bei ya gari au ya chuma chakavu? Mama watoto ameshasema likiingia hilo, mimi natoka.