Pampu ya oili kwenye mashine kuukuu ya boti: niitunze au niing'oe?

Muulizaji:
Ndugu mafundi, nina mashine ya boti ya mipigo miwili, nguvu ya farasi 60, ya miaka ya 1990, inayojichanganyia oili yenyewe kutoka kwenye tangi lake. Mipira imekuwa ya manjano na migumu, na fundi mmoja hapa Kilwa ananishauri niing'oe pampu, niwe nachanganya kwa mkono. Je, ipo sababu ya kuibakiza?

Jibu la kwanza:
Ndugu yangu, usiing'oe kabla hujaipima. Badilisha mipira yote, safisha kichujio, kisha ukague chini ya tangi, kwa sababu maji yakituama pale ndiyo yatakayofyonzwa kwanza. Legeza skrubu ya kutolea hewa hadi oili itoke bila viputo. Siku ya majaribio tumia petroli iliyokwisha kuchanganywa, lita 1 ya oili kwa lita 50, ili pampu ikishindwa pistoni zisikwame. Bandika utepe penye usawa wa oili tangini, na ukirudi utaona kama imeshuka. Moshi utakuwa mwingi, lakini ni wa siku moja.

Jibu la pili:
Naongeza fimbo inayounganisha kabureta na pampu. Ikilegea, pampu hutoa oili pungufu mashine ikiwa kasi, na king'ora huenda kisilie, kwani kwenye mashine nyingi kihisi hupima oili iliyomo tangini tu. Oili nayo iwe ya TC-W3, yaani daraja la oili ya mashine za boti za mipigo miwili zinazopozwa kwa maji, si ya pikipiki.

Muulizaji:
Nashukuru. Nimeichomoa fimbo jioni hii, na tundu lake limelika hadi limepata umbo la yai.