MUUZA VITU VYA KALE MALINDI: AKINUNUA KWAKO NI RANGI YA JUZI, AKIMUUZIA MZUNGU NI YA VITA

Wadau nimejaa mpaka hapa shingoni na leo asije mtu kuniambia nitulie.

Halati yangu, dada wa mama, huku Barani Malindi alikuwa na helmeti ya jeshi la Muingereza, ile bapa ya ukingo mpana, aliachiwa na baba mkwe wake na miaka yote ilikuwa uani yawekewa pumba za kuku. Akapita jamaa ana duka la vitu vya kale huku upande wa bichi, jina silitaji. Akaishika, akaigeuza geuza, akaanza kumsomesha bi mkubwa wa watu: "Mama hii imepigwa rangi baada ya vita, haina thamani, mimi nakusaidia tu." Akatoa elfu moja mia tano. Halati akapokea na dua akamuombea!

Juzi napita dukani kwake naiona iko meza ya mbele kabisa, imefungwa kikaratasi ORIGINALE 1941, EURO 120. Ndio ileile, wala msiniambie zinafanana. Kwenye ukingo wa nyuma ina matundu matatu yamepangana na upande wa kulia pamebonyea pa kuingia kidole gumba. Hayo matundu matatu ndio alama ya helmeti zilizotengenezwa Afrika Kusini, za Uingereza hazina, na majeshi ya Afrika Kusini yalikuwa hapa Kenya 1940 na 41 kabla hayajaingia Somalia na Ethiopia kupigana na Mtaliano. Yaani hata hicho alikuwa hakijui, nilimuuliza matundu ni ya nini akanambia ya kupitisha hewa. Mtaalamu huyo!

Sasa ngoja niwaeleze alivyomdanganya, manake kuna wengine mna vitu ndani na atawafikia.

Kwanza alitoa kitaa chake cha kukagulia noti bandia akamulika mkanda wa kidevu, mkanda ukang'aa rangi ya samawati. "Unaona mama, nyuzi za kisasa." Uongo mtupu, au nusu ya ukweli ambayo ni mbaya zaidi. Kweli pamba ya zamani haing'ai na nyuzi nyingi za baada ya vita zinang'aa, lakini sabuni ya unga ya siku hizi ina dawa ya kung'arisha nguo na hiyo dawa yabaki kwenye kitambaa, ukifua mkanda wa 1941 kwa sabuni ya unga utang'aa kama shati la shule. Halati akiifua ile kofia nzima kila akisafisha uwa! Hicho kitaa ni cha kukufanya uulize zaidi, si cha kukufanya ukate bei.

Pili akamuonyesha mahali rangi imechubuka, juu hudhurungi ya mchanga, chini kijani. Ati rangi mbili maana yake imepakwa tena, na ikipakwa tena basi ni baada ya vita. Hapa ndipo nilipotaka kulia nilipohadithiwa. Ndugu zangu jeshi lenyewe lilikuwa linapaka vitu vyake vitani, kikosi kikitoka kwenye majani kikaenda kwenye jangwa yapakwa rangi ya jangwa, kwa brashi, na askari mwenyewe. Rangi ya pili kwa yenyewe haithibitishi chochote, swali ni ilipakwa kabla ya kuchakaa au baada. Chukua kitu ukiweke juani pembeni, sio chini ya taa ya duka, uangalie penye mikwaruzo. Kama mkwaruzo umepita rangi zote mbili mpaka kwenye bati, na kingo zake zimelainika, na kutu yake ni nyeusi nyeusi imetulia, basi hizo rangi zimezeeka pamoja. Kama rangi ya juu imeingia NDANI ya mkwaruzo wa zamani, au imelala juu ya kutu, hiyo imekuja baadae. Ile ya halati ilikuwa ya aina ya kwanza, kila mkwaruzo. Na ukipitisha kidole wasikia vichanga vichanga, manake zile helmeti zilipakwa rangi ya kukwaruza makusudi zisimetemete juani.

Angalia na ndani. Kiwandani bati lilipakwa rangi kwanza ndio yale matandiko ya kichwani yakafungwa, kwa hiyo ukikuta rangi imerukia kwenye mkanda au kwenye ngozi ya ndani jua mtu amepiga sprei bila kufungua. Skrubu ya juu ikiwa ya nyota, ya bisibisi za siku hizi, kuna mtu ameshafungua. Na tarehe iliyogongwa ni umri wa bati tu, haisemi chochote juu ya rangi, hasa kwenye majerikeni yaliyogongwa WD na mshale, alama ya jeshi la Muingereza, ambayo yalibaki kazini yakipakwa tena na tena na jeshi mpaka enzi za Mau Mau. Hiyo nayo ni rangi ya jeshi, ina heshima yake, ilimradi muuzaji aseme ni ya lini.

Kilichonitoa roho ni hiki. Nilipoishika pale dukani kidole kilitoka cheusi. Ameisugua rangi ya viatu kwenye mikwaruzo ionekane ya kale! Kitu ambacho tayari ni cha kale! Na mkanda ameutoa, kaweka mwingine. Ule "wa kisasa" uko kwenye boksi chini ya meza, nimeuona kwa macho yangu. Nikamwambia bwana wewe si ndio ulisema hii rangi ni ya baada ya vita, akacheka, "Kijana, kununua ni kununua na kuuza ni kuuza."

Na wanunuzi wake wengi ni Wataliano, ambao ndege zao ndio zilitupiga bomu hapa Malindi 1940. Haya.

Na mtakaoniambia nipeleke makumbusho: sheria ya turathi ya 2006 ikisema kitu cha kale yamaanisha cha kabla ya 1895, helmeti ya 1941 haimo. Kwa hiyo hatuna pa kushtaki, tuna kuambiana tu.

Mwenye kitu kama hicho nyumbani, Malindi, Mambrui, Lamu, popote, asikisugue, asikitie mafuta, apige picha juani pande zote kabla muuzaji hajakigusa, halafu aziweke hapa tutazame pamoja bure. Na kama umeshainunua ile ya matundu matatu na wasoma hapa, huo mkanda uliofungwa si wa helmeti hiyo, rudi dukani umdai ule ulioko kwenye boksi.