Mfungwa wa mauaji anadai hakuua: mwandishi aanzie wapi?

Mdadisi: Wakuu, mwandishi akiletewa madai ya namna hii, anashika nini kwanza? Tuseme kuna shahidi wa macho, rekodi za simu, na shahidi mwingine ambaye sasa anakana aliyoyasema mahakamani. Huyo wa mwisho si anatosha?

Kalamu77: Usianze na mfungwa wala ndugu zake. Tafuta mwenendo wa kesi wote, vielelezo na maelezo ya polisi. Hukumu peke yake haikufai, jaji ameshachuja. Kisha panga maneno ya kila shahidi kwa tarehe: siku ya kwanza polisi, mara ya pili, kizimbani. Aliyesema mwanzoni "sura sikuiona vizuri" halafu mahakamani hana shaka hata chembe, huyo ndiye wa kumchimba. Nani alizungumza naye katikati? Alionyeshwa picha moja au kadhaa? Msimamizi wa gwaride la utambulisho (shahidi anachagua mtu kati ya waliopangwa mstari) akijua mshukiwa ni yupi, anaweza kumwelekeza shahidi hata bila kukusudia.

Mnara: Kwenye rekodi za simu, mnara wa mtandao hauonyeshi nyumba, unaonyesha eneo tu, tena pana. Na soma karatasi ya juu kabisa ya rekodi hizo! Kesi ya Adnan Syed wa Baltimore, Marekani, aliyetiwa hatiani mwaka 2000: faksi ya kampuni ya simu AT&T ilionya kwamba simu zilizopokelewa si za kutegemea kuonyesha mahali. Mtaalamu wa mashtaka alikuja kusema baadaye kwamba hakuonyeshwa onyo hilo.

Bi Hakiki: Hatoshi, Mdadisi. Mahakama humshuku sana shahidi anayegeuka, maana tayari amekubali kwamba aliwahi kudanganya. Tazama kesi ya Curtis Flowers, Mississippi, aliyeshtakiwa mara 6 kwa mauaji ya watu 4 ya mwaka 1996. Mfungwa aliyedai Flowers aliungama kwake aliwaambia waandishi kwamba aliitunga. Hawakuridhika. Walikusanya rekodi za kesi za ofisi ya mwendesha mashtaka yuleyule, 1992 hadi 2017, wakakuta Weusi waliondolewa kwenye juri (raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) kwa kiwango cha zaidi ya mara 4 ya Weupe. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu 2019 kwa ubaguzi huohuo wa juri, mashtaka yakafutwa 2020.

Mdadisi: Na ushahidi mpya ukimkandamiza mfungwa?

Kalamu77: Unauandika vilevile, na mwambie hivyo kabla hujaanza. Shahidi usimlipe hata nauli, upande wa pili watalishikia bango. Kumhoji nendeni wawili, mrekodi. Simu za gerezani mara nyingi husikilizwa, kwa hiyo mambo ya rufani mwachie wakili wake. Familia ya marehemu ipate taarifa kwako kabla habari haijatoka.